Majibu Yako Bado

Haneti
4 Mei 2024

Wifi Penina,

Watoto hawajambo? Huku tunapura mtama na vumbi limetujaa mpaka masikioni. Mume wangu Edward anakohoa, ila chakula kinapita.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Nikikupigia wewe, Yotham yuko pembeni, unanijibu nusu nusu: "ndiyo wifi, hapana wifi, tutaongea." Na hatuongei. Nikimpigia yeye, ananiambia yuko salama. Mtu anayeunganishwa na mashine ya kusafisha damu kila baada ya siku mbili, usalama wake uko wapi? Lakini ndivyo alivyo mdogo wangu tangu utotoni. Aliwahi kuvunjika mkono akaniambia umelala tu.

Barua hii nampa Ruthu, yule anayeleta nyanya soko la Majengo. Jibu mpe huyo huyo.

Ninachotaka kujua ni kimoja. Majibu yametoka? Tangu siku ile walipotutoa damu mimi na wewe, usingizi wangu si usingizi. Nakumbuka tulivyokaa kwenye lile benchi, nesi akatokea mlangoni akauliza nani ndugu wa mgonjwa, ukanyanyuka wewe. Mimi nilikuwa nafunga kiatu.

Halafu yule binti wa ustawi wa jamii akaniingiza chumbani peke yangu, akaniuliza kama kuna mtu ananilazimisha kutoa figo. Nikamwambia, mwanangu, labda utafute mtu wa kunizuia. Akaandika. Sijui wewe ulisema nini.

Namba niliyowaachia hospitali ni yako, maana mtandao wa huku unakuja na kuondoka. Wakipiga kuhusu mimi, nijulishe siku hiyo hiyo.

Mimi sina wasiwasi. Mimi na Yotham tumelala tumbo moja. Wewe umejitolea, na Mungu anakuona, lakini usijiumize moyo bure. Damu nzito kuliko maji.

Nimemtumia mlenda wa kukausha na unga wa uwele. Mlenda upike mwepesi, usijaze mafuta ya mjini. Anaupenda hivyo.

Dada yake,
Zipora


Ng'ong'ona, Dodoma
12 Mei 2024

Wifi Zipora,

Shikamoo. Barua imefika pamoja na mfuko. Watoto wanakuamkia, Asnath anasema shangazi amemsahau siku hizi.

Majibu kamili bado. Tulichoambiwa ni kwamba makundi yetu ya damu, langu na lako, yote yanapatana na la Yotham. Sasa wanalinganisha mambo ya ndani zaidi, na hicho kipimo kinachukua muda. Nami silali, wifi. Nikiwa saluni nasuka kichwa cha mwanafunzi, simu ikilia mikono inasahau msuko iliokuwa imeushika. Wateja wangu wa chuoni Chimwaga wameshanizoea, wananiambia, pokea tu dada, tutasubiri.

Kuhusu siku ile kwenye benchi: nesi hakuuliza nani ndugu wa mgonjwa. Aliuliza nani anaishi na mgonjwa. Ndiyo maana nilinyanyuka.

Kuhusu mlenda, naomba usinielewe vibaya. Mtaalamu wa lishe amekataza mboga za majani zilizokaushwa. Zina madini ambayo mafigo yake hayawezi kuyatoa, na yakizidi moyo unaweza kusimama. Hata maji anapimiwa. Sikuutupa. Yotham aliunusa, akaufunga, akauweka juu ya kabati.

Unga wa uwele tumepika kidogo. Amekula.

Wasalimie wote. Shemeji Edward apate nafuu.

Penina


Haneti
20 Mei 2024

Penina,

Uliyoniambia ni sawa, lakini umeniambia kama mtu anayemfundisha mgeni njia ya kisimani.

Sikujua kuhusu mlenda. Ningejuaje? Huyo mtaalamu wa lishe hakuzungumza na mimi, alizungumza na anayeishi na mgonjwa.

Nikwambie kitu ambacho pengine Yotham hajakwambia, maana hajui kujisifu wala kumsifu aliye wake. Mama alipofariki, yeye alikuwa hajaota meno ya mbele. Mimi ndiye niliyemtafunia ugali. Edward alipokuja kunioa, nilimwambia nina mtoto ambaye sikumzaa, ukinichukua mimi unamchukua na yeye. Nikaingia kwa mume na Yotham mgongoni. Wanawake wa kwa Edward walicheka mpaka wakachoka. Mpaka leo akiumwa kichwa kule Dodoma, mimi huku nakunja uso kabla sijapigiwa.

Siku mlipofunga ndoa ulinipigia magoti ukasema, "Nitamtunza." Nikasema asante. Niliporudi nyumbani nililala na nguo za harusi, Edward akaniacha.

Sasa ameumwa, na mimi habari zake nazipata kwa Ruthu wa nyanya. Wewe unajua ameamkaje, amekunywa maji kiasi gani, ameota nini. Sikulaumu. Nakwambia tu inavyokaa kifuani.

Kichwa kinaniuma siku hizi, ni jua la kwenye mtama. Edward ananisumbua nipumzike.

Majibu yakitoka, usingoje Ruthu. Nipigie hata kama Yotham yuko pembeni.

Zipora


Ng'ong'ona
3 Juni 2024

Wifi Zipora,

Shikamoo. Nimejaribu kukupigia mara mbili, hupatikani.

Majibu yangu yametoka, na daktari amesema figo langu linamfaa Yotham. Nimepimwa sukari, presha, moyo, nimeingizwa kwenye ile mashine ya kupiga picha ya tumbo, na sina tatizo lolote.  Tulipofika nyumbani Yotham alikwenda nyuma ya nyumba akakaa na kuku. Nilipomfuata, nikakuta machozi yanamtoka na kuku wanamzunguka wakidhani ana punje.

Majibu yako bado hawajasema. Wakisema nitakujulisha. Lakini usihangaike wifi, maana sasa njia ipo. Hata yako yakichelewa, ndugu yako hatakosa.

Umri wako nao, na kazi za shamba, mimi naona Mungu amekuonea huruma.

Nakimbilia saluni. Salamu kwa wote.

Penina


Haneti
9 Juni 2024

Mdogo wangu Yotham,

Mbukwa, kama tunavyoamkiana kwetu. Najua utashangaa kupata barua ya dada yako kama vile uko jeshini. Penina ninamwandikia muda mrefu sasa, sijui kama anakwambia.

Ameniandikia kwamba majibu yake ni mazuri. Niliisoma barua ile nikafurahi. Nikaisoma tena, furaha ikapungua. Ya tatu nikampa Edward aisome yeye kwa sauti, nione kama kwa sauti ya mwanamume itaniuma kidogo. Ikaniuma vile vile.

Yotham, sikuombi pesa wala nguo. Nakuomba usikubali wapange siku ya upasuaji kabla majibu yangu hayajatoka. Walitutoa damu siku moja, sindano kwa sindano. Kwa nini yake yawe tayari na yangu yalale? Waulize. Wewe ni mgonjwa wao, watakujibu.

Mkeo ni mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini yeye alikuja kwako ukiwa umeshakuwa mtu. Figo langu linakujua tangu ulipokuwa unanikojolea mgongoni.

Jibu kwa mkono wako mwenyewe.

Dada Zipora


Ng'ong'ona
14 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Naandika nikiwa kwenye kiti cha mashine, mkono wa kushoto una mirija, wa kulia uko huru, kwa hiyo mwandiko usiushangae.

Nimecheka uliposema kuhusu mgongo. Nesi Flaviana akadhani nimeanza kuchanganyikiwa.

Kazi yangu ya umeme pale chuoni wamenishikia nafasi, wananitaka nirudi nikiwa mzima, na fundi mwenzangu Pantaleo anapanda ngazi kwa niaba yangu. Miguu inavimba na kupungua. Nachoka nikifunga vifungo vya shati. Ndiyo hali, sikufichi.

Kuhusu majibu yako, Penina alisema bado. Ila leo nilimwuliza Flaviana kama ulivyoniagiza, akanishangaa. Amesema majibu yako yalitoka siku moja na ya Penina, na kwamba walipiga simu uje mwenyewe kuyachukua, maana ya mtu hapewi mtu mwingine. Akauliza, "Kwani dada yako ameghairi?" Nikamwambia dada yangu hajawahi kughairi kitu tangu azaliwe. Labda wamekosea namba. Au Penina alikuwa na kelele za saluni hakusikia vizuri. Nitamwuliza akija kunichukua.

Njoo tu dada. Watoto watafurahi.

Yotham


Ng'ong'ona
23 Juni 2024

Wifi Zipora,

Shikamoo, ingawa juzi nilikuamkia hukuitikia.

Umeondoka bila kula. Ulishuka kwenye basi la Kondoa ukaenda moja kwa moja hospitali na mzigo wako kichwani, ukachukua majibu yako, ukaja hapa, ukasimama katikati ya sebule ukasema, "Langu linalingana zaidi." Yotham akakuambia, "Kaa kwanza dada." Hukukaa. Ulinitazama mimi ukaniuliza, "Nani alikupa ruhusa?" Asnath alikuwa ameshika sahani yako mpaka ulipotoka getini.

Swali lako nalijibu sasa. Sikupewa ruhusa na mtu. Simu haikukosewa namba. Nilisikia vizuri kabisa. Nesi alisema, "Mwambie wifi yako aje, majibu yake yako tayari." Nikasema sawa. Sikujua yana nini ndani. Nilichojua ni kwamba niliogopa yawe mazuri kuliko yangu.

Wifi, tangu niolewe kila kizuri cha Yotham nimeambiwa kimetoka kwako. Akipika, dada alimfundisha. Akivumilia, dada alimlea. Hata anavyokunja shati. Nimekaa naye kama mtu aliyepanga nyumba iliyojengwa na mwenzake, hata kupigilia msumari ukutani naona nitaulizwa. Akisinzia kwenye mashine akaweweseka, anaita "Dada." Mimi ndiye niliyeshika mkono wake, nami naitika, "Nipo." Yeye anatulia. Hajui aliyeitika ni nani.

Niliposikia figo langu linamfaa, wazo la kwanza halikuwa kwamba atapona. Hilo lilikuja la pili. La kwanza lilikuwa kwamba hatimaye kutakuwa na kitu kimoja ndani yake ambacho hakikutoka kwa Zipora.

Ndiyo hilo. Yotham nimemwambia pia. Hajanigombeza, amelala ameelekea ukutani.

Daktari anasema lako linalingana zaidi, na langu pia linafaa, kitakachotofautiana ni wingi wa dawa mwanzoni. Ila presha yako ameitilia shaka, anataka urudi ipimwe tena. Hilo najua umeshaambiwa. Naliandika ili usiseme tena nimeficha.

Penina


Haneti
30 Juni 2024

Penina,

Nimesoma. Sitasema nimesamehe, maana sijafika huko.

Presha ilipanda kwa sababu ya safari na hasira. Nitarudi wanipime, nao wataona. Ninakunywa maji, chumvi nimeacha, napumzika mchana kama mke wa mkuu wa wilaya. Mwili wangu nautayarisha. Usinipikie, nitafikia kwa Ruthu.

Unasema unaitikia anaponiita mimi. Kumbe hata jina langu unalitumia.

Zipora


Ng'ong'ona
11 Julai 2024

Dada Zipora na Penina,

Nimeandika barua hii mara mbili, neno kwa neno, moja itakwenda Haneti na nyingine nitaiweka kwenye mto wa Penina, ili isije ikasemwa mmoja amepata ndefu.

Jana shemeji Edward alinipigia. Kaniambia vidonge vyake vya presha vinakwisha kabla ya wakati, na kwamba dada aliporudi kutoka kupimwa alikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Akaniuliza, "Shemeji, vipimo vyake vimekuwaje?" Nikamwambia vimekuwa vizuri. Akasema, "Basi hivyo vizuri ni vyangu."

Dada, nilizoea kukuamini kama ninavyoamini kuna ardhi chini ya kitanda. Ulimeza dawa ya mumeo ili umdanganye daktari. Umeshawahi kukitazama kiti ninachokalia? Mtu mwenye presha akibaki na figo moja, hicho kiti kinamngojea. Ulitaka mimi ninyanyuke, ukae wewe?

Penina, wewe ulificha majibu ambayo siku zangu zilikuwa zinayategemea. Nimekusikia ulivyojieleza. Hata nimeelewa. Lakini kila siku uliyonyamaza, mimi ndiye niliyechomwa sindano.

Wote mnasema mnanipenda, na sina sababu ya kubisha. Ila nimekuwa kama shamba la urithi, kila mmoja anasogeza mpaka upande wake, na hakuna aliyeliuliza shamba. Sina nguvu za kupiga kelele. Mnajua nikipanda ngazi mbili napumzika.

Nimemwomba daktari asimamishe mipango. Sitachukua figo la mtu ambaye analitoa ili mwenzake akose. Mtakapokuwa mmezungumza ninyi wawili, bila mimi kuwa katikati, mtaniambia.

Yotham


Dodoma, kwa Ruthu
16 Julai 2024

Penina,

Nipo hapa mjini tangu jana. Sikuja kwako. Nakuandikia kwa sababu nikikuona uso nitasema mengine.

Barua ya Yotham nilipoimaliza nilimwita Edward. Nikamwuliza, "Ni kweli ulimpigia?" Akasema, "Nilimpigia." Nikamwuliza kwa nini hakuniambia mimi kwanza. Akasema, "Ningekwambia wewe ungebadilisha mahali pa kuiba." Nilitaka kukasirika, nikakuta hasira imekwisha, imebaki aibu tu.

Leo asubuhi nimekwenda hospitali. Nilimkuta daktari, nikamwambia, "Presha uliyoiona si yangu, ni ya vidonge vya mume wangu." Akanipima upya. Sitakutajia namba, ila alivua miwani, akaniambia siwezi kutoa figo, wala mwaka huu wala mwakani, na kwamba mimi mwenyewe nianze matibabu. Kisha akanishukuru kwa kusema ukweli. Sijawahi kushukuriwa kwa kitu kilichoniuma namna ile.

Nikatoka nikakaa kwenye benchi. Mama mmoja wa Kondoa akaniuliza, "Umefiwa?" Nikasema hapana. Akaninunulia chai hata hivyo.

Kwa hiyo ni wewe. Nimeshasema kwa daktari, nasema na kwako. Mwambie Yotham tumezungumza. Usije kunishukuru, nitakujibu vibaya.

Jambo moja. Baada ya upasuaji Yotham atatengewa chumba chake, haingii mtu. Wewe utakuwa wodini na kidonda, mama yako yuko Busi na miguu haimbebi. Nani atakuosha? Wale wasichana wa saluni watakutia sabuni kwenye mshono. Nitakuja mimi.

Zipora


Ng'ong'ona
18 Julai 2024

Wifi,

Shikamoo. Sikushukuru.

Nimemwambia Yotham. Akauliza, "Mmegombana?" Nikasema kidogo. Akasema, "Basi ni kweli mmezungumza." Amempigia daktari.

Njoo. Nimetandika kitanda cha Asnath. Na vidonge vyako vya presha uje navyo, vile ulivyoandikiwa wewe.

Penina


Haneti
22 Septemba 2024

Penina,

Nimefika salama. Edward amekonda, anasema amekula ugali wa majirani mpaka ameanza kufanana nao.

Nilikaa kwako wiki zote zile na sikukwambia hili, maana ulikuwa na kidonda na mimi nilikuwa na mdomo. Sasa naliandika.

Siku ya upasuaji, baada ya wewe kuletwa wodini, nesi Flaviana alikuja kuniita. Akanipeleka kwenye kioo. Yotham alikuwa amelala na mirija kila upande, na chini ya kitanda umening'inia mfuko wa mkojo, unajaa. Mdogo wangu ambaye mwaka mzima alikuwa akikojoa matone ya kuhesabika, mkojo unamtoka kama bomba lililofunguliwa. Flaviana akaniambia, "Figo limeitika." Nikalia pale kwenye kioo mpaka kikafanya ukungu.

Niliporudi kwako macho mekundu ulisema, "Pole wifi, furaha imekuzidi." Nusu ilikuwa furaha. Nusu nyingine, Penina, nilikuwa nautazama ule mkojo nikisema moyoni, ungekuwa wangu. Fikiria mtu mzima mwenye wajukuu anaonea wivu mkojo.

Nilikulisha uji nina kinyongo. Nilikuosha mgongo nina kinyongo. Ukawaambia manesi wifi yangu ana mkono mwepesi, na mimi nikazidi kukasirika kwa sababu mkono wenyewe ulikuwa unakwenda taratibu bila kuniuliza. Na siku ile ulipoweza kutembea, ukaniegemea begani tukaenda kumwona kwenye kioo, akainua mkono akapunga. Nilikaa na swali hilo siku nzima: alimpungia nani?

Bado ninao wivu. Umepungua makali tu. Nimeona nisikae nao peke yangu, maana huko nyuma ulinifikisha kwenye sanduku la dawa la Edward.

Presha yangu inashuka. Namba hii ni yangu mwenyewe.

Zipora


Ng'ong'ona
29 Septemba 2024

Wifi Zipora,

Shikamoo. Barua yako nimeisomea jikoni nimesimama.

Kwanza la kupunga mkono. Nami nilijiuliza vile vile, tena nilijiambia ni wewe, nikanuna njia nzima ya kurudi kitandani, ukadhani ni maumivu ukaniitia nesi. Jana nimemwuliza Yotham. Anasema hakutuona kabisa. Hakuwa na miwani. Alikuwa anamwita Flaviana amsogezee maji. Nilicheka mpaka mshono ukavuta.

Yuko vizuri. Kliniki wameridhika. Anameza dawa zake kwa saa, anavaa barakoa hata akienda kulisha kuku, na amemwambia Pantaleo amtunzie ngazi. Usiku anaamka kukojoa anaamsha nyumba nzima kwa jinsi anavyojivunia.

Sasa langu, kwa kuwa umetoa lako. Waliponileta wodini nilikuwa bado na usingizi wa dawa. Flaviana ameniambia baadaye nilichosema. Wake wengine, anasema, wakifumbua macho wanauliza, mume wangu yuko hai? Mimi niliuliza, "Wifi ameambiwa?" Akaniuliza, ameambiwa nini? Nikasema, "Kwamba ni langu." Nikarudia mara nyingi, nikaanza kulia, nataka uambiwe. Sikumtaja Yotham hata mara moja. Nimeolewa na aibu hiyo, ninalala nayo.

Flaviana akanijibu, "Mwambie mwenyewe, si huyo hapo." Hilo nalikumbuka, kwa sababu niliinua kichwa. Nilikuwa natetemeka kwa baridi, na wewe ulikuwa umeinama upande wa miguu, umetoa soksi zako mwenyewe, unanivisha.

Nikanyamaza.

Penina